Kiriri cha Immakulata

Apoline alianza kuandaa sherehe ya mkwewe kabla mkwewe hajapata hata mimba. Siku Elie, mwanawe wa pekee, alipomleta Immakulata nyumbani na kusema huyu ndiye, mama yule hakuuliza ukoo, hakuuliza kama binti anajua kulima. Alimtazama tumbo. Tumbo lilikuwa bado halina kitu, lakini Apoline alikuwa ameshachagua mbuzi.

Pale kijijini Kagerankanda, upande wa Kasulu, kwa zile familia zilizotoka Burundi zikalima mpaka zikawa raia, mwanamke akijifungua huwekwa kwenye kiriri. Kiriri ni kitanda cha mzazi, ila kitanda chenyewe ni sehemu ndogo tu ya mambo. Ni kukaa ndani bila kushika jembe, ndoo wala ufagio, huku wengine wakikupikia na kukukanda, na majirani wakija na vikapu vya kukuhemba, yaani kukupongeza kwa chakula na pombe. Siku ya kutolewa nje hufanyika karamu. Mwanamke aliyewekwa vizuri kwenye kiriri hutembea kifua mbele maisha yake yote.

Apoline hakuwekwa. Elie alizaliwa kambini, chini ya turubai, muda mfupi baada ya mama yake kuvuka mpaka na tumbo kubwa na sufuria moja. Kesho yake Apoline alikuwa kwenye foleni ya mahindi, mtoto mgongoni. Hakuna aliyemhemba hata kwa kikombe cha uji. Baadaye alipata shamba, nyumba ya bati, uraia, na nafasi ya kudumu kwenye benchi la mbele kanisani, lakini lile lilimkaa rohoni. Aliapa kwamba mke wa mwanawe hatayapata hayo. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumlaumu. Alichokifanya alikifanya kwa mapenzi, na ndiyo maana ilikuwa vigumu sana kumzuia.

Immakulata alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Gwarama, lakini Elie alimpata Kibondo. Alikuwa na meza ya chapati na chai ya maziwa karibu na stendi, na mdomo usiopumzika. Madereva wa malori walikwenda pale kunywa chai na kutaniwa, na Elie, aliyekuwa akinunua maharage sokoni na kuyapakia, alikwenda siku moja kunywa kikombe kimoja akaachwa na gari. Walipangisha chumba. Mimba ilipokuwa kubwa, Elie akamleta mkewe kwa mama, naye akarudi Kibondo kwenye maharage yake.

Uzazi ulikuwa mgumu. Ulianza asubuhi, ukaishia hospitalini Kasulu kesho yake jioni, na Immakulata alipoteza damu nyingi kiasi kwamba manesi walikimbia. Mtoto akatoka mzima, wa kike, wakamwita Divine. Apoline alirudi nyumbani kwa gari la kukodi, mjukuu mapajani, mkwe amejilaza kiti cha nyuma, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka dereva akapunguza redio.

Kuanzia hapo Apoline hakupumzika. Uji wa ulezi asubuhi, mchuzi wa kuku mchana, sombe, yaani kisamvu, ya mawese jioni. Alichemsha maji ya kumkanda mzazi, akafunika dirisha kwa kitenge ili upepo usimpige. Mtoto alilala na bibi. Aliletwa kunyonya, akimaliza anachukuliwa. Immakulata akijaribu kuinuka, anaambiwa alale.

Siku za mwanzo Immakulata aliomba mambo. Aliomba afue nguo zake mwenyewe. Aliomba akae uani, hata kidogo, achambue maharage. Aliomba amwogeshe mtoto. Apoline alicheka kwa furaha, akamshika mkono, akamrudisha kitandani. Kwake hayo yalikuwa maombi ya adabu tu, kama mgeni anayesema ameshiba kabla hajapakuliwa. Mkwe mwema hujifanya anataka kazi, na mama mkwe mwema hukataa, ndivyo alivyofundishwa. Akakataa kwa moyo wote, na baada ya muda Immakulata hakuomba tena.

Akanyamaza. Na hapo ndipo kosa lilipojificha, kwa sababu kwa watu hawa mzazi wa kwenye kiriri anatakiwa kunyamaza. Anainamisha macho, anajibu kwa sauti ndogo, anadonoa chakula mbele ya wageni asionekane mlafi. Immakulata alifanya yote hayo, tena bila kufundishwa. Akina mama wa jumuiya ya kanisani walipokuja na vikapu vyao, mwenyekiti wao Chantal, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, alisema tangu aanze kuhemba watu hajaona mzazi mwenye adabu kama huyu.

"Na mimi nilidhani watoto wa stendi hawana malezi," alisema.

Wakacheka. Apoline akavimba kichwa, akawaongezea pombe ya ndizi. Immakulata aliyasikia yote, akageukia ukuta.

Dalili zilikuwepo, ila kila moja ilipata jibu lake zuri. Apoline akiingia alfajiri alimkuta mkwewe macho wazi, akasema ni uchungu wa mama, anamsikiliza mtoto. Chakula kikirudi kama kilivyokwenda, akasema kuku alikuwa mzee, akachinja mwingine. Maziwa yakapungua, akanunua ya ng'ombe. Siku moja Chantal alimpa Immakulata mtoto, naye hakunyoosha mikono. Alimtazama tu yule mtoto anakuja, kama vile anapewa mtu mwingine aliyekaa nyuma yake. Chantal akamdaka Divine akiwa ameshaanza kuteleza, na wote wakacheka kwamba mzazi amelewa usingizi. Apoline naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Kitu kilimchoma kifuani, akakipuuza. Mtu akiwa na karamu ya kuandaa hupuuza mengi.

Elie alipopiga simu kutoka Kibondo, mama alimwambia mkeo anakaa kama malkia, mkeo hagusi kitu. Halafu simu ikapelekwa ndani, na Immakulata akasema yuko salama. Elie hakuuliza zaidi. Aliridhika, kama wanavyoridhika wanaume wengi wakipewa habari nzuri wakiwa mbali.

Ilipofika zamu ya chanjo, Apoline alimbeba mtoto mwenyewe akaenda Kasulu. Nesi, dada mmoja mnene mpole aitwaye Tunu, aliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Apoline akaeleza habari ya kiriri kwa majivuno, pamoja na idadi ya kuku. Tunu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mama huyo analala, kama anacheka, kama anamshika mtoto wake bila kuambiwa. Apoline akaona ni maswali ya ajabu. Kwani mzazi amekuwa mchekeshaji? Tunu akasema kuna akina mama ambao uzazi huwaachia ugonjwa wa moyo mzito, tena unawapata hata waliotunzwa vizuri, na ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Akaomba mama aje mwenyewe, hata kesho.

Apoline aliitikia kwa heshima, na njia nzima ya kurudi akamsema yule nesi moyoni. Mzazi hatoki kabla ya karamu. Angetoka vipi, kwa kunyatia kama mwizi?

Karamu ilipokaribia, Immakulata akaanza kugawa vitu. Kanga mpya akampa jirani aliyeleta kuni. Viatu vya wazi alivyonunuliwa na Elie vikaenda kwa binti wa Chantal. Hereni zake za stendi, zile nyekundu alizozipenda, akampa msichana aliyekuja kuleta mkungu wa ndizi. Alitoa bila kelele, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue uso wake ulikuwa umetulia. Apoline alifurahi mno. Aliona mkwewe sasa amepona uchovu, tena ana mkono wazi, akatangaza jambo hilo kisimani, kanisani na kwa kila aliyepita barabarani.

Siku ya karamu watu walianza kufika mapema. Viti vya kanisa vilipangwa uani, mbuzi alikuwa jikoni, pombe ya ndizi ilijaa mitungi. Elie alifika na basi kutoka Kibondo akiwa na kreti za soda. Alitaka kuingia kumwona mkewe, shangazi zake wakamzuia kwa utani kwamba asubiri atolewe kama wengine. Apoline akaingia ndani na kitenge kipya cha njano, kile alichokiweka sandukuni tangu harusi, aende kumvalisha mzazi.

Immakulata alikuwa ameshaoga. Alikaa pembeni ya kitanda, na kitandani alikuwa amepanga nguo zake zote mafungu mafungu, zimekunjwa vizuri.

"Mama, haya ni ya mama yangu, Gwarama," alisema. "Haya ya Divine, akikua yatamtosha. Hili shuka lako. Ni zito, litakufaa baridi ikija."

Apoline akacheka, akamwambia shuka lake ajifunike mwenyewe. Akauliza yeye amejibakizia nini.

"Leo nitavaa mnachotaka. Kesho sitahitaji."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayesema kesho hana safari. Apoline alikuwa na kitenge mkononi. Akili yake ilitaka kuendelea na shughuli, ifunge kitenge, iite waimbaji. Lakini mwili wake ukagoma pale mlangoni, maana maneno yale aliwahi kuyasikia.

Kambini, turubai la pili kutoka lake, aliishi mama aitwaye Ndayikunda, naye akiwa na mtoto mchanga. Hakuwa mtu wa maneno. Siku moja alizunguka akigawa vitu: sufuria kwa huyu, kikapu kwa yule, na blanketi kwa Apoline, kwa ajili ya Elie, aliyekuwa kichanga. Walifurahi. Walisema Ndayikunda ana roho nzuri. Apoline alimuuliza yeye atajifunika nini, naye akajibu hatahitaji, na wakadhani amepangiwa kuhamishwa. Kesho yake walimkuta amekufa kwa mkono wake mwenyewe. Wakamzika, wakalea mtoto wake kwa zamu, na hakuna aliyelitaja tena jambo lile, maana walikuwa na mambo mengine mengi ya kulia. Apoline mwenyewe alikuwa ameshalisahau, au alidhani amelisahau.

Akaweka kitenge chini. Akakaa kitandani, juu ya mafungu ya nguo, jambo ambalo mama mkwe hafanyi kwenye kiriri cha mkwe.

"Mwanangu, unataka kufa?"

Immakulata alilikunja upya lile shuka. Nje walikuwa wanajaribu ngoma.

"Divine ana mama," alisema. "Wewe. Unamwogesha, unalala naye, akilia anakutafuta wewe. Mimi mnanilisha bure. Nikimwangalia sisikii kitu, Mama. Najaribu, sisikii kitu. Mama gani huyo?"

Apoline aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kuvuka mpaka, na siku ile kulikuwa na risasi. Alitaka kumkemea asiseme hivyo, alitaka kusali, alitaka kumkumbusha kuku wote wale. Hakufanya hata kimoja. Alimwambia avae viatu, halafu akakumbuka viatu vimegawiwa, akavua vyake vya karamu akamvalisha.

Walitoka kwa mlango wa mbele kwa sababu nyumba haikuwa na mwingine. Immakulata alivaa gauni la kushindia. Apoline alimshika mkono kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, miguu mitupu, na uani pote vichwa vikageuka. Ngoma ikapigwa mara mbili kwa makosa, ikaacha. Kumtoa mzazi hivyo, bila sala, bila wimbo, bila kitenge, ni aibu ambayo watu wangeisimulia mpaka Divine aolewe.

Chantal aliwakimbilia. Akasema kwa sauti ya chini, jambo lisilo la kawaida yake, kwamba kama mzazi anaumwa wamrudishe ndani, watu wale kwanza, hospitali haihami. Elie naye akaja amekunja uso. Alimwangalia mkewe, akamwangalia mama yake, akasema labda wasubiri kidogo, wageni wengine wametoka mbali.

"Mkeo anataka kufa," Apoline alimwambia. Hakupunguza sauti. "Anataka kufa, na mimi nilikuwa nakusifia. Tafuta gari."

Waliokuwa karibu walisikia. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba. Elie alisimama kama aliyepigwa kofi, kisha akakimbia kwa Fidele, yule aliyeleta masufuria kwa gari lake, na masufuria yaliyobaki yakashushwa harakaharaka yakalazwa kwenye majani.

Garini Elie alikaa mbele, akawa anageuka kila mara kumtazama mkewe, akitafuta neno, akikosa, akigeuka tena. Immakulata alitazama nje. Kwa wiki zote zile hakuwa ameona barabara, na Apoline, akimtazama anavyofuata kwa macho kila baiskeli ya muhogo na kila mbuzi, alisikia moyo ukimkata. Ni yeye aliyefunika lile dirisha. Alilifunika kwa mikono yake, akapigilia misumari, akajisifu.

Tunu alikuwa zamu. Hakuuliza kwa nini wamechelewa, wala hakusema si niliwaambia. Aliwaingiza chumba kidogo chenye meza na viti vitatu, akamwuliza Immakulata maswali yale yale, polepole, kwa Kiswahili, na alipoona hajibu, kwa Kiha. Apoline akawa anajibu yeye. Hali chakula, nesi. Halali, nesi. Anagawa nguo. Tunu akamwacha aseme mawili matatu, kisha akamgeukia Immakulata.

"Mama Divine, unapenda mama mkwe wako abaki humu tukiongea, au atoke?"

Apoline alijiweka sawa kwenye kiti. Hakuwa na shaka na jibu. Yeye ndiye aliyemtoa mbele ya watu, miguu mitupu, yeye ndiye aliyevunja karamu yake ya miaka yote.

"Atoke," alisema Immakulata.

Ilimwuma Apoline. Ilimwuma hadi machozi, tena hakuweza hata kujidanganya kwamba hakusikia vizuri. Alinyanyuka, akamchukua mtoto, akatoka na kukaa kwenye benchi la koridoni karibu na Elie, ambaye alikuwa ameinamia magoti yake. Mlango ukafungwa.

Mwanzoni hapakusikika kitu. Halafu sauti ya nesi, fupi. Halafu sauti nyingine, ya chini, ikikwamakwama kama mtu anayetembea kwenye tope. Ikaacha. Ikaanza tena, na safari hii haikuacha. Immakulata alikuwa anaongea. Alilia katikati, akaongea huku analia, akanyamaza, akaendelea. Maneno hayakupita mlangoni, na Apoline, ambaye kwa kawaida angesogeza sikio bila haya, alisogea mwisho wa benchi ili asiyasikie. Mambo yale hayakuwa yake. Huenda mengi yalimhusu yeye, na hayakuwa mazuri, na bado alitaka yasemwe yote mpaka yaishe.

Baada ya muda Tunu alichungulia. Alisema mama atalazwa, na mtoto atalala na mama yake, humo humo wodini, karibu na manesi. Zipo dawa ambazo hazimdhuru anayenyonya. Dawa zinachukua muda kidogo na mazungumzo yanachukua muda zaidi, lakini ugonjwa huu unatibika, na amewaona wengi wakirudi makwao wazima. Akanyoosha mikono. Apoline akambusu Divine kichwani, akamtoa. Ilimbidi aulazimishe mkono wake uachie.

Simu ikalia mfukoni mwa Elie. Alikuwa Chantal, na sauti yake ya ng'ambo ya mto ilikuwa imerudi, koridoni pote wakaisikia. Chakula kimeiva, alisema, watu wamekaa, wengine wanasema mzazi amerogwa, wengine wanasema amekimbia. Awaambie nini? Elie akampa mama yake simu.

Apoline aliangalia mlango uliofungwa. Nyuma yake ile sauti ilikuwa imeanza tena, na sasa ilikuwa na haraka.

"Waambie wale, Chantal," alisema. "Waambie wasitusubiri. Mzazi anaongea."